Mkono Usiofika Kikapuni

Kambi ya Juu, Kericho
17 Septemba 1967

Ndugu yangu Ogari,

Pokea salamu zetu kutoka huku ambako ukungu umelala juu ya chai tangu Jumatatu na nguo hazikauki. Bonareri yuko darasa la nne na anasoma kwa sauti mpaka majirani wanalalamika. Mdogo wake ana mafua lakini anakula. Mama nilimwona mwezi wa saba huko nyumbani Keroka. Anapalilia mwenyewe, hataki kusaidiwa, na kila mtu anayetoka Nakuru anamuuliza kama amekuona.

Sasa neno lenyewe. Mwezi wa sita niliteleza kwenye mteremko, kikapu kikiwa kimejaa mgongoni, nikaangukia bega la kulia. Kwenye dispensari walinifunga mkono kwa kitambaa wakaniambia nisiusogeze. Nilitii kama mtoto wa shule. Walipofungua kitambaa, mkono ulikuwa umegoma. Mpaka leo unapanda hadi usawa wa kifua, halafu unasimama, kama mlango ambao mtu ameuegemea kwa ndani.

Wewe unaijua kazi hii. Majani unayachuma kwa mikono miwili na kuyarusha juu ya bega yaingie kikapuni. Mimi nikirusha yananiangukia usoni. Nguo navuliwa na Bonareri. Nywele za mtoto zinasukwa na jirani.

Nyapara amenipa kazi ya kufagia njia za kambi, lakini amesema ni ya muda tu. "Mama Bonareri," aliniambia, "nyumba hizi ni za wachumaji." Tangu baba watoto afariki nyumba ni ya jina langu, na jina langu liko kwenye kuchuma. Nadhani unaelewa ninachosema.

Uko mjini. Nitafutie dawa, ya kupaka au ya kumeza, yoyote. Na uje. Mwezi wa nne tulimzika baba bila wewe. Ulituma telegramu ya maneno mawili, "Kazi imenibana," basi. Watu waliniuliza mimi. Baba mdogo Bogonko alisimama mbele ya kaburi akasema ndugu yake alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na huyo amepotelea kwenye mbao za Wahindi. Mama alisikia. Njoo Desemba uyafute maneno hayo.

Dada yako,
Nyamoita


Nakuru
29 Oktoba 1967

Dada mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kabla ya kupata la kujibu, ndiyo maana nimechelewa. Mimi mzima. Huku vumbi ni jingi na jua ni kali. Mpe Bonareri pongezi, mwambie asipunguze sauti.

Dawa sijakutumia, na nitakuambia kwa nini. Hakuna dawa ya kupaka inayofika mahali mkono wako uliposhikwa. Hapa kiwandani kwa mbao kuna karani mmoja, Mhindi mzee anayeitwa Purshotam, mwembamba kama ufito. Umri wake ni wa babu yetu, lakini anachuchumaa na kuinuka bila kushika kitu. Kila asubuhi hutandika mkeka nyuma ya stoo na kunyoosha mwili, polepole, akihesabu pumzi zake. Kwao mazoezi haya huitwa yoga. Nilimweleza habari ya bega lako. Alinisimamisha akanionyesha kwa mwili wangu, nami nakuandikia kama alivyonionyesha.

Asubuhi, kabla ya kazi, egemea meza kwa mkono mzima. Uache ule mgonjwa uning'inie. Usiurushe, uachie uzito wake wenyewe uuvute, na uuzungushe kidogo, kama mtu anayekoroga uji kwenye sufuria kubwa. Halafu simama ukitazama ukuta. Weka vidole ukutani, upandishe kidole kimoja baada ya kingine. Utafika mahali bega litasema hapana. Usilazimishe. Baki hapo hapo, vuta pumzi kwa pua, itoe polepole, na akili yako yote iwe pale penye maumivu, siyo kwenye ufagio wala kwa nyapara. Ukitoa pumzi utaona vidole vinapanda kidogo tena. Hapo ndipo kazi ilipo, katika hicho kidogo.

Dada, mwili ukishashikwa haifai kupigana nao. Ukiuvuta, nao unavuta. Nakuomba usikose hata asubuhi moja.

Habari ya Desemba, bado sijui. Kazi imenibana.

Ndugu yako,
Ogari


Kambi ya Juu, Kericho
26 Novemba 1967

Ogari,

Sisi wazima. Mama alituletea ndizi kupitia kwa watu wa sokoni. Chepngeno, yule rafiki yangu Mkipsigis ambaye shamba lao limepakana na kambi, ng'ombe wake amezaa, kwa hiyo maziwa tunapata.

Nilikuomba dawa, wewe umeniambia nipumue. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikajaribu kwa sababu sikuwa na lingine. Nimening'iniza mkono kama ulivyosema. Nimepandisha vidole ukutani. Chepngeno alinikuta nyuma ya nyumba akashika kiuno. "Nyamoita, ukuta imekukosea nini? Unakwaruza kama baka!" Unajua yeye paka humwita baka. Akacheka mpaka akakaa chini. Siku iliyofuata kambi nzima ilikuwa inaniita Mama Baka.

Na mkono uko pale pale! Labda umepanda upana wa kidole, labda ni macho yangu tu. Nyapara hataki upana wa kidole. Anataka kikapu kijae. Kila mwisho wa juma ananiuliza, "Bado?" na mimi namjibu, "Bado kidogo." Ataniuliza hivyo mpaka lini?

Kisha kuna jambo ambalo silielewi. Wewe ndiye uliyekuwa unabeba gogo begani peke yako ukipiga mluzi. Ukiumwa hukutaka hata kuguswa. Leo unaniandikia mambo ya pumzi na kutolazimisha kama mganga. Nani amekufundisha kuwa na subira? Na kama unaweza kusimama nyuma ya stoo asubuhi ukinyooshana na wazee, kazi hiyo inakubana saa ngapi?

Mama amepaka udongo mpya nyumba yako. Nimemwambia utakuja.

Nyamoita


Nakuru
10 Desemba 1967

Dada,

Salamu kwa wote. Sitaweza kuja Desemba. Mweleze mama kwa namna yako, wewe unajua kusema naye.

Upana wa kidole ni mwingi. Hujui ni mwingi kiasi gani. Kuna mtu angefurahi mwezi mzima kwa upana wa kidole. Usiache.

Mzee Purshotam anasalimu. Anafunga mizigo. Wahindi wengi wanaondoka kwenda Uingereza siku hizi, na watoto wake wameshamtumia tikiti.

Ogari


Kambi ya Juu, Kericho
21 Januari 1968

Ogari,

Huku ni jua, na baridi kali ya alfajiri imechoma chai ya bondeni. Wachumaji wana kazi kidogo, wafagiaji tuna majani makavu mengi. Watoto wamerudi shule.

Nilikwenda nyumbani Desemba. Mama alikuwa ametandika kitanda chako. Kila alasiri alitoka akakaa ukingoni mwa barabara akijifanya anachambua mboga. Siku ya kuondoka kwangu aliniuliza, "Nyamoita, ana mke ambaye hataki tumwone? Amefungwa? Niambie tu." Nikamwambia una kazi. Akaingia ndani. Baba mdogo Bogonko alikuwepo. Alisema kwa sauti, mtu asiyekuja kumzika baba yake asitayarishiwe kitanda. Nilitaka kumjibu lakini kinywa changu hakikuwa na kitu. Kwa nini unaniacha hivyo, kila mara?

Sasa na mimi nikuambie langu, maana nimechoka kuandika kwamba mambo ni mazuri. Mazoezi yako niliyaacha tangu mwanzo wa Desemba. Phelis, mke wa mzee wa kanisa letu, alikuja nyumbani kwangu na wanawake wengine wawili. Alisema, "Tumesikia asubuhi unasimama unatazama jua na kunyoosha mkono. Hiyo ni sala ya nani?"

Nikamwambia, "Si sala. Ni bega."

"Kama ni bega, kwa nini unafumba macho?"

Niliacha ili nipate amani. Halafu nikaona siku zinakwenda, nikaamua kufanya kwa akili yangu. Nilifunga kamba kwenye boriti, nikajifunga kifundo cha mkono, nikajivuta kwa nguvu, nifungue bega mara moja tuachane. Kitu ndani kililia kama kitambaa kinachopasuka. Sasa mkono haufiki hata kifuani. Nimerudi nyuma kuliko nilipoanza, na nyapara amesema mwezi wa sita ukiisha nyumba itapewa mwingine.

Usiniandikie habari ya pumzi. Niandikie unakuja lini.

Nyamoita


Kambi ya Juu, Kericho
10 Machi 1968

Ogari,

Mwezi wa pili umepita wote bila neno kutoka kwako. Sijui kama barua yangu ilikukasirisha au haikufika. Kepher, kijana wa Nyamwange wa hapa kambini, anafanya kazi kwenye lori linalopeleka masanduku ya chai Nakuru. Nimempa barua hii akuletee mkononi. Nimemwambia asirudi bila kukuona kwa macho yake.

Dada yako


Kambi ya Juu, Kericho
31 Machi 1968

Ogari,

Mvua imeanza. Watoto wazima.

Kepher amerudi. Alikuja jioni, nikamkaribisha chai, akakataa kukaa. Nikajua kuna jambo, maana Kepher hajawahi kukataa chai. Nikamuuliza, "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Yuko namna gani?"

Akatazama kofia yake. "Mama Bonareri, yeye hajakuambia?"

"Hajaniambia nini?"

Akaniambia. Alifika kiwandani akamuulizia Ogari wa mashine ya kupasulia magogo. Watu wakamwonyesha mtu aliyekaa kwenye kiti mlangoni pa stoo, anahesabu mbao zinazotoka. Uliinuka kumsalimia, ukashika fremu ya mlango, na fimbo mbili zilikuwa zimeegemea ukuta. Anasema ulichukua fimbo moja, ukaja kwake, na mguu wa kulia ulikuwa unaburuta. Anasema ulimkataza kusema. Yeye akakuambia hawezi kuniangalia usoni na uongo, kwa hiyo usimlaumu, ujilaumu mwenyewe kwa kunyamaza.

Mtu mmoja wa hapo alimwambia ni ajali ya mwaka jana. Mwezi wa tatu.

Mwezi wa tatu, Ogari! Baba alikufa mwezi wa nne. Mwaka mzima nimekuwa nikikutukana moyoni. Nimekula chakula pamoja na watu waliokutukana nami sikuwazuia. Ulidhani sisi ni nani wako?

Nina hasira. Niandikie yote. Usiniandikie habari ya bega langu.

Nyamoita


Nakuru
28 Aprili 1968

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana. Sasa naiandika mpaka mwisho bila kuisoma.

Tulikuwa tunashusha magogo kutoka kwenye lori. Mnyororo ulifunguka upande mmoja. Nilimsukuma mwenzangu Okoth, yeye akaanguka nje, gogo likanikuta mimi. Lilinibana kiunoni, kati yake na ubavu wa lori. Mfupa wa nyonga ulivunjika, na mguu wa kulia nikawa siusikii.

Nililala hospitali miezi. Telegramu ya kifo cha baba ilipofika kiwandani, mzee Purshotam ndiye aliyeileta wodini. Aliisoma kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. Ilibidi arudie, nilidhani nimesikia vibaya. Halafu akauliza ajibu nini. Nikamwambia, "Andika, kazi imenibana." Haukuwa uongo, dada. Ilinibana kweli.

Unauliza kwa nini sikusema. Baba alipokuwa mgonjwa nilisema, wasipate mzigo wa pili. Baba alipokufa nilisema, mama asinifikirie na mimi. Baada ya hapo nilikuwa nangoja nipone nije kwa miguu yangu niwaeleze nikiwa nimesimama. Nikawa nangoja. Daktari alikuwa ameshasema nitatembea kwa fimbo mbili maisha yangu, nami nikasema sitaingia Keroka na fimbo mbili.

Purshotam alikuwa anakuja kila jioni baada ya kazi. Sikumpenda. Ananiambia, "Leo sogeza kidole cha mguu." Namwambia hakisogei. "Basi kifikirie tu." Nilimtukana kwa Kikisii na yeye anatabasamu. Alinifundisha kuvuta goti kifuani nikiwa nimelala, kwa mikono, kwa pumzi, mpaka pale maumivu yanapoanza na si zaidi. Alinifundisha kujigeuza ubavu, kukaa kwa mikono na magoti kama mtoto anayetambaa, kuinua mgongo na kuulegeza. Nilitoka hospitali na fimbo mbili. Mwezi wa kumi nilikuwa na moja. Ndipo barua yako ya kwanza ikaja, na dada yangu naye ameshikwa bega. Ningekuambia nini ila lile nililolijua?

Aliondoka mwezi wa pili. Nilimsindikiza mpaka stesheni, akaniambia nisimame wima nimpungie mkono, akaniangalia kwa dirisha mpaka gari likapinda. Niliporudi sikutandika mkeka tena. Sikuona maana. Mguu ukakaza, nikairudia fimbo ya pili. Ndivyo Kepher alivyonikuta, na ndiyo sababu hukupata barua.

Nimechoka, Nyamoita. Watu wakiniona wananipisha njia kama kikongwe. Nikivaa kiatu natoka jasho. Naota nikikimbia kwenye mteremko wa nyumbani, halafu naamka na mguu huu. Hayo ndiyo yote.

Ogari


Kambi ya Juu, Kericho
23 Juni 1968

Ndugu yangu,

Salamu za watoto, na za Kepher ambaye bado anaogopa kukutana na mimi njiani. Baridi ya mwezi wa sita imeingia, tunavaa magunia juu ya sweta.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa kati ya mistari ya chai, nikaisoma tena. Sijakusamehe bado. Nikisema nimekusamehe nitakuwa naandika tu. Lakini asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Chepngeno, nyuma ya zizi lake ambako hakuna anayepita, nikaegemea ua nikauning'iniza mkono. Nilikuwa nakufikiria wewe na kile kidole cha mguu. Niliona aibu kwamba nilitaka bega lifunguke kwa siku moja.

Nilimweleza Chepngeno habari yako yote. Hakucheka. Alisema, "Nionyeshe na mimi," maana kukamua kumemharibu kiuno. Sasa tunafanya wawili. Yeye hawezi kunyamaza hata akifanya mazoezi. Namwambia, "Vuta pumzi, weka akili kwenye kiuno," ananijibu, "Akili yangu iko kwa ng'ombe." Lakini anafanya.

Bega linaniudhi kupita kiasi. Leo linapanda, kesho linakataa, na hakuna nililobadilisha. Baada ya mvua ni kama si langu. Kuna asubuhi nimelitukana kwa sauti. Hata hivyo sasa vidole vinafika usawa wa sikio. Kamba niliikata kwenye boriti nikamfungia ndama wa Chepngeno.

Juma lililopita nyapara aliniambia nivae kikapu. Alisimama nyuma yangu na mikono mfukoni. Nikachuma, nikavuta pumzi, nikarusha nikiwa natoa pumzi. Nusu ilianguka nje. Nikarudia, nusu tena nje. Wanawake mstari mzima waliacha kuchuma wakatazama. Alitazama majani yaliyoanguka, akatazama kikapu, akasema, "Rudi kesho. Lakini uwe na haraka." Nimerudi kila siku tangu hapo. Kikapu changu kinajaa mwisho, baada ya wote, na jioni bega linawaka moto. Habari ya nyumba hajaitaja tena. Phelis bado hanisalimu kanisani. Na asinisalimu.

Ogari, nilimwambia mama. Nilikwenda Jumapili kwa ajili hiyo tu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe yuko hai." Halafu akasema uje na fimbo hata kama ni kumi. Usiniandikie kwamba unangoja kupona. Njoo mwezi wa nane. Nitaomba ruhusa, nitakuwepo.

Nyamoita


Kambi ya Juu, Kericho
4 Agosti 1968

Ogari,

Nyapara amenikatalia ruhusa! Chai imechipua baada ya mvua, wachumaji hawatoshi, na amesema mimi ambaye nilikaa mwaka mzima nafagia ndiye wa mwisho kuomba. Nimembembeleza, nimemwomba mtu aniombee, bure. Nimekungoja mwaka na nusu, na siku utakayofika mimi nitakuwa hapa na kikapu. Nimekasirika hata sitaki kula.

Usiahirishe. Ukiahirisha kwa sababu yangu sitakuandikia tena. Nenda, na uniandikie kila kitu ukiwa huko huko, kabla hujaanza kuchagua la kusema na la kuficha.

Dada yako


Keroka
25 Agosti 1968

Dada Nyamoita,

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa mama, mlango uko wazi, na yeye yuko hapa mlangoni anapepeta wimbi na kuniuliza kila mara nimefika wapi. Anasema nikuandikie kwamba nimekonda. Nimeandika.

Nilishuka barabarani Jumatano na fimbo moja, maana baada ya barua yako ya mwezi wa sita niliutandika tena mkeka. Mteremko wa kuja nyumbani ulinishinda mara mbili, nikakaa kwenye majani. Watu waliokuwa wakipita walitaka kunibeba nikakataa kwa ukali, mwanamke mmoja akaniambia nina roho mbaya. Mama alikuwa amesikia nimefika, akaja kunilaki. Hakulia. Alinizunguka akaniangalia nyuma na mbele kama ng'ombe wa kununua, kisha akatangulia mbele yangu, polepole, bila kugeuka. Nilimshukuru kwa hilo.

Siku iliyofuata nilisema nataka kwenda kwenye kaburi la baba. Baba mdogo Bogonko alikuja pia, ingawa hakunipa mkono. Alisimama kando na koti lake refu, amekunja uso. Nilitaka kupiga magoti. Sijapiga magoti tangu ajali isipokuwa kwenye mkeka wangu, na pale nina ukuta. Pale kaburini hapana ukuta. Mama akanyoosha mkono anishike, nikamwambia, "Mama, niache." Nikaweka fimbo chini. Nikavuta pumzi. Nikarudisha mguu mbaya nyuma, nikashuka kidogo, nikasimama hapo maumivu yalipoanza, nikapumua, nikashuka tena. Ilichukua muda mrefu. Nilimsikia baba mdogo akiguna kwa kukosa subira. Kisha goti likagusa ardhi.

Nilimwambia baba nilichokuwa nacho. Hilo sitakuandikia, samahani, si kuficha.

Nilipomaliza sikuweza kuinuka. Nyonga ilikuwa imekufa ganzi. Nikajiachia nikakaa kitako kwenye nyasi. Mama akanitazama, akajifunga kanga vizuri, akashuka akakaa karibu yangu, magoti yake yakilia kama kuni kavu. Tukakaa hivyo. Mvua nyepesi ikaanza. Baba mdogo alikuwa peke yake amesimama, na nadhani aliona vibaya kusimama juu yetu. Akalalamika kuhusu unyevu, akalalamika kuhusu watoto wa siku hizi, akashika mti wa ua, akashuka naye. Alipofika chini akasema kwa hasira, "Na sasa mimi nitainuliwa na nani?"

Dada, mama alicheka. Alicheka mpaka kanga ikamwanguka. Anasema hajacheka hivyo tangu mazishi. Baba mdogo alijaribu kubaki na hasira yake, ikamshinda.

Halafu ikabidi tuinuke, na hapakuwa na mtu wa kutuinua. Nikawaambia wafanye kama mimi. Jigeuze ubavu. Weka viganja chini. Njoo kwa mikono na magoti, tulia hapo, pumua. Baba mdogo alikuwa hapo kwenye nyasi na koti lake lote, ananiuliza, "Hivi?" nami namwambia, "Hivyo hivyo, usiharakishe, leta mguu mmoja mbele." Mama aliinuka kwanza. Mimi nikafuata, nikishika fimbo. Baba mdogo akawa wa mwisho. Alipanguza magoti, akavaa kofia, hakusema kitu juu ya telegramu wala juu ya mbao za Wahindi. Akaenda zake.

Nilidhani ndiyo basi. Jana asubuhi nilikuwa nimetandika mkeka nyuma ya nyumba, umande bado haujakauka, nikasikia mtu anakohoa. Ni yeye, amebeba ngozi ya mbuzi kwapani.

"Goti langu la kushoto," alisema. "Tangu mwaka ule wa nzige."

Akaitandika kando yangu.

Ndugu yako,
Ogari